Kipande cha kauri kinachorusha mawimbi

Wageni wakiingia maabara kwetu, mkono huenda kwanza kwenye kidude cheupe kilichobandikwa juu ya bamba la shaba. Ni duara, kipenyo milimita 33 hivi, kimo nusu ya hapo. Wakiambiwa ni antena hucheka, maana antena tuliyoizoea ni ufito wa redio au mabomba ya aluminiamu juu ya paa. Hiki ni kauri tupu, kitu kisichopitisha umeme.

Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda: inalia sauti yake ile ile. Itie maji, sauti inapanda. Kauri nayo ina sauti yake katika mawimbi ya redio. Wimbi likiingia humo hupunguza mwendo. Likifika ukingoni, sehemu yake hurudi, na kwenye masafa fulani, yaani idadi fulani ya mitetemo kwa sekunde, kwenda na kurudi huko hupatana, wimbi likapata nguvu. Lakini kuta hazikufunikwa metali, kwa hiyo nishati huvujia hewani. Mwanafizikia wa Marekani, Robert Richtmyer, alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1939. Wahandisi wengi waliuona uvujaji huo kero, wakazifungia kauri ndani ya visanduku vya metali ili zichuje masafa. Mwaka 1983 Stuart Long na wenzake wa Chuo Kikuu cha Houston wakachapisha utafiti ulioigeuza kero kuwa kazi yenyewe.

Kwa nini kujisumbua, na shaba ipo? Kwa sababu masafa yakipanda, umeme hung'ang'ania ngozi ya juu ya shaba. Kwenye gigahezi 28, ngozi hiyo haifiki hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Umeme ukisongamana hapo huzaa joto, na joto hilo ni nishati iliyokusudiwa kusafiri. Kauri nzuri hupoteza kidogo sana.

Ukubwa hutegemea pemitiviti, namba ambayo kipeuo chake cha pili huonyesha kauri inalipunguzia wimbi mwendo mara ngapi. Kidude chetu cha gigahezi 2.4, masafa ya ruta za Wi-Fi, kina pemitiviti 10: wimbi humo huenda karibu mara tatu polepole kuliko hewani. Tumia kauri ya 40 na kipenyo kinashuka hadi milimita 18. Wanafunzi hushangilia hapo, nami huwazuia. Kauri ya namna hiyo huishikilia nishati muda mrefu, hivyo antena huitikia ukanda mwembamba tu wa masafa, ilhali Wi-Fi inataka kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5. Tamaa ya udogo hulipiwa hapo.

Mahali pa kulishia, yaani pa kuingizia umeme kwenye kauri, pia pana siri. Kipini cha kuulishia kikiwekwa ubavuni, mawimbi hupanda juu; kikipenya katikati, husambaa pembeni pande zote kama ya antena ya mlingoti, na masafa nayo hubadilika.

Kilichonitoa jasho zaidi, hata hivyo, ni gundi. Kipande changu cha kwanza kilikataa 2.4, kikakaa 2.46. Nilirudia hesabu siku mbili nzima, hesabu ziko sawa. Nilipokibandua nikakuta tone limeganda upande mmoja, limekiinua kiasi cha unene wa karatasi. Hewa iliyojipenyeza chini ilikuwa imeishusha pemitiviti. Nikalikwangua tone, nikasugua kitako kwa msasa, nikabandika upya huku nimekikandamiza kwa skrubu za plastiki. Kipimo kikasoma 2.41.