MyD88 ndefu na MyD88 fupi: maswali kuhusu protini adapta

Protini adapta hufanya nini?

Yenyewe si kimeng'enya. Kazi yake ni kushikanisha: huku imeshika kipokezi, kule imeshika kimeng'enya. Tuseme bakteria E. coli amepanda kutoka njia ya mkojo akaingia damuni. Ganda lake lina LPS (molekuli ya mafuta na sukari), ambayo hutambuliwa na kipokezi TLR4 cha seli nyeupe. Hapo protini adapta iitwayo MyD88 huingia kazini: sita hujipanga mfano wa ngazi ya kuzunguka, zikabeba IRAK4 (kimeng'enya) nne, kisha IRAK2 (jamaa yake) nne. Ujumbe unafika kwenye kiini cha seli, jeni za uvimbe na homa zinawaka.

Ukataji wa RNA unaingilia wapi?

Jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA ndefu, yaani nakala ambayo seli husoma ili kutengeneza protini. Seli hutupa vipande visivyotakiwa (introni) na kuunga vinavyobaki (eksoni). MyD88 ina eksoni 5. Zikiungwa zote, protini inakuwa na amino asidi (matofali ya protini) 296; hiyo ndiyo MyD88 ndefu. Eksoni ya pili ikirukwa, herufi 135 hupotea, sawa na amino asidi 45, na hutoka MyD88 fupi. Kwa kuwa kila amino asidi huandikwa kwa herufi tatu, na 135 inagawika kwa 3, usomaji wa herufi zinazofuata hauvurugiki.

Watu wa Mombasa wataielewa kwa leso: pindo zote mbili zipo, mji umekatwa. MyD88 fupi bado inashika kipokezi, bado inashikana na wenzake, ila IRAK4 haiji.

Basi ni kasoro?

La, ni breki. LPS ikiendelea kuwapo, seli huzidisha ile fupi, nayo hukalia nafasi za ndefu. Ila breki ikikazwa mno nayo ni balaa: monosaiti (aina ya seli nyeupe) za wagonjwa wa sepsis, yaani maambukizi yaliyovuruga viungo vya mwili, zimekutwa na MyD88 fupi iliyozidi, na seli za namna hiyo huwa nzito kuamka bakteria mwingine akija.

Maabara huzitofautishaje?

Kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha jeni mara nyingi mno, praima (kipande kifupi cha kuanzishia unakili) moja kwenye eksoni 1, nyingine kwenye eksoni 3. Kwenye jeli huonekana mistari miwili iliyopishana kwa herufi 135. Anayeweka praima ndani ya eksoni 2 hataiona fupi hata siku moja. Damu nayo isiachwe mezani, hasa kwa joto la Pwani: itiwe papo hapo kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA. Hiki ni kipimo cha utafiti. Daktari wa wodi hakiagizi.

Kuna dawa ya kurekebisha mizani hiyo?

Dukani hakuna, na mikebe ya "kuongeza kinga" haichagui eksoni. Homa ikija na kutetemeka, pumzi za haraka, kuchanganyikiwa au mkojo kupungua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki, lakini dozi ya kwanza isingoje majibu.