Kiungulia: si kila mara asidi imezidi

Saa tatu usiku, duka la dawa ninalouzia hapa Ngamiani, Tanga, likikaribia kufungwa, ndipo wanapofika. Mtu kajishika kifua, kakunja uso: "Dada, nipe vile vyeupe vya kutafuna. Asidi imenizidi."

Kwa wengi wao, haijazidi. Tumbo linaihitaji asidi kali ili kusaga nyama na kuua vimelea, nalo lina utando wa kulikinga. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauna kinga ya namna hiyo. Baina yao upo msuli wa mviringo unaofunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Ukilegea, asidi ileile ya kila siku hupanda na kuunguza. Ni kama chupa ya maji: kifuniko kikiwa hakijakazwa, ukiilaza tu kapuni kapu zima limelowa, hata kama maji ni kidogo. Sigara, pombe, mafuta mengi na kahawa huweza kuulegeza msuli huo. Kitambi nacho hulisukuma tumbo kutoka chini. Vile vyeupe vya magneziamu hupoza kilichokwisha kupanda, lakini mlango hubaki wazi.

"Kunywa maziwa, litatulia." Mama yangu mdogo aliishi na imani hii kwa miaka. Juu ya kigoda kando ya kitanda chake haikukosekana glasi ya maziwa. Saa sita anakunywa, analala. Saa nane anaamka, koo linawaka, mdomo mchachu. Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha mafuta na protini zake hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi. Kilichomsaidia ni kula mapema, muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala, na kulalia ubavu wa kushoto. Tuliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kikainuka kama sentimita 15. Kurundika mito hakukumfaa, maana mito humkunja mtu tumboni. Machungwa ya Muheza hakuyaacha, aliyahamishia mchana.

"Hivi ni vidonda vya tumbo." Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu watu hujitangazia ugonjwa kisha wakanunua antibayotiki bila kupima. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba huliumiza tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au kwa pumzi. Kiungulia ni jambo jingine, hata kama mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nayo humezwa kama panado, pale tu moto unapowaka. Hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa, kila siku, kwa wiki nne hadi nane kama daktari atakavyoelekeza.

"Mjamzito akiungulia, mtoto ana nywele nyingi." Bibi zetu tusiwacheke. Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins waliwafuatilia wajawazito 64, wakaona kweli viwili hivyo huelekea kwenda pamoja. Lakini nywele haziunguzi mtu. Homoni za mimba hulegeza ule msuli, na mtoto akikua hulibana tumbo. Mama amweleze mkunga kliniki, ziko dawa salama kwake. Udongo wa kutafuna usiwe dawa: huweza kuleta minyoo na kuuzuia mwili kupata madini ya chuma.

"Ni kiungulia tu, kitapita." Chakula kikianza kukwama kooni, uzito ukipungua bila sababu, ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, hapo magneziamu haina kazi. Na kifua kikibana, maumivu yakashuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, jasho jembamba likikutoka, huenda ni moyo. Usipite dukani kwangu kwanza. Nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo.