Je, wajua? Sekunde 0.7 zinatosha kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu

Tarehe 3 Aprili 1994, mjini Richmond, jimbo la Virginia, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina ilikuwa nyuma ya Louisiana Tech, 59 kwa 57. Ilikuwa fainali ya NCAA, mashindano makubwa ya vyuo vya Marekani, na saa ilikuwa imebakiza sekunde 0.7. Stephanie Lawrence akarusha mpira kuuingiza uwanjani. Charlotte Smith akaudaka nyuma ya mstari wa pointi tatu, akaruka, akaachia. Ukaingia. North Carolina 60, Louisiana Tech 59, na mchezo umekwisha.

Mtu anawezaje kudaka mpira, kulenga na kurusha ndani ya muda huo? Jibu liko kwenye kanuni za saa. Mpira unapoingizwa kutoka nje ya uwanja, saa imesimama. Inaendelea kusimama hata mpira ukiwa angani, na huanza kwenda pale tu mchezaji aliye ndani ya uwanja anapougusa. Upande wa pili, mpira haulazimiki kuwa umeshaingia kikapuni muda unapokwisha. Kinachotakiwa ni uwe umetoka mkononi kabla ya king'ora kulia na taa nyekundu za ubao wa kikapu kuwaka. Kwa hiyo safari ya pasi haihesabiwi, na safari ya mpira kwenda kikapuni haihesabiwi. Sekunde 0.7 za Smith zilikuwa za kudaka na kuachia tu, na mchezaji aliyeshajua atakachofanya kabla mpira haujamfikia anaweza kuzitumia vizuri. Kanuni za sasa zimeweka mpaka: zikibaki sekunde 0.3 au pungufu, hakuna ruhusa ya kudaka na kurusha. Unaweza kuupiga tu mpira ukiwa hewani ili uelekee kikapuni.

Ukishaielewa saa, unaona kwamba sekunde 2.1 ni muda mrefu. Ndizo alizokuwa nazo Christian Laettner wa Chuo Kikuu cha Duke, tarehe 28 Machi 1992, mjini Philadelphia. Mechi ya mashindano hayohayo, upande wa wanaume, dhidi ya Kentucky ilikuwa imeingia muda wa nyongeza, Sean Woods wa Kentucky alikuwa ametoka kufunga, na Kentucky ilikuwa mbele 103 kwa 102. Grant Hill wa Duke alisimama nje ya mstari, nyuma ya kikapu walichokuwa wanakilinda Duke, na mpira mkononi. Kocha wa Kentucky, Rick Pitino, hakuweka mtu wa kumzonga; aliona afadhali wachezaji wake wote wabaki nyuma kulinda. Hill akawa na nafasi ya kutazama na kutupa pasi ya zaidi ya mita 20. Laettner akaidaka karibu na mstari wa mitupo huru (mitupo anayopewa mchezaji aliyefanyiwa madhambi), mgongo ukielekea kikapu, akadunda mara moja, akageuka, akarusha. Duke 104, Kentucky 103. Siku hiyo alirusha mara 10 na kufunga zote 10, na mitupo huru 10 akaipata yote 10.

Watu wengi wanapopanga mitupo mikubwa ya sekunde ya mwisho, huo wa Laettner ndio wa kwanza. Mimi naupa nafasi ya pili, na sababu yangu ni hii: naangalia kwanza kama mrushaji alikuwa nyuma au walikuwa sare, kisha naangalia mechi ilikuwa ya hatua gani. NCAA ni mashindano ya mtoano. Ukifungwa mara moja, msimu umekwisha. Ukiwa sare na ukakosa, kuna muda wa nyongeza; ukiwa nyuma na ukakosa, unarudi nyumbani. Laettner alikuwa nyuma, lakini ile haikuwa fainali. Duke walikuwa wanatafuta tiketi ya nusu fainali. Smith alikuwa nyuma, katika fainali, akiwa na theluthi ya muda wa Laettner. Sioni mtupo wa kuuweka juu yake, na inaniuma kwamba kwa sababu ulitoka upande wa wanawake, orodha nyingi hazimtaji kabisa.

Wa tatu ni Kris Jenkins wa Villanova, fainali ya wanaume ya 2016 mjini Houston. Marcus Paige wa North Carolina alikuwa amesawazisha kwa pointi tatu, zikibaki sekunde 4.7. Ryan Arcidiacono akaupandisha mpira kwa kudunda, na beki wote wakamwangalia yeye. Jenkins alikuwa nyuma yake, anakimbia bila kukabwa. Pasi fupi, mtupo, 77 kwa 74. Kwa namna ulivyopangwa, pengine huo ndio uliokamilika kuliko yote, ila walikuwa sare.

Arike Ogunbowale wa Notre Dame, upande wa wanawake, nampa nafasi ya nne kwa jambo lisilo la kawaida: alifanya mara mbili ndani ya siku tatu. Tarehe 30 Machi 2018, mjini Columbus, Ohio, aliiondoa Connecticut ambayo haikuwa imepoteza mechi hata moja msimu ule, 91 kwa 89. Tarehe 1 Aprili, katika fainali, aliifunga Mississippi State kwa pointi tatu, 61 kwa 58. Mara zote mbili walikuwa sare, lakini kurudia kazi hiyo mwisho wa wiki moja kunahitaji moyo wa aina yake.

Baada ya hapo ubishi ni mwingi. Wengi wanampenda Jalen Suggs wa Gonzaga, aliyerusha kutoka karibu na katikati ya uwanja na kuifunga UCLA 93 kwa 90 katika nusu fainali ya 2021. Mtupo mzuri sana kuutazama, lakini walikuwa sare, na siku mbili baadaye Gonzaga walifungwa na Baylor 86 kwa 70. Lamont Butler wa San Diego State, kwenye nusu fainali ya 2023, alikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Florida Atlantic, na mpira ulimtoka mkononi muda ukiyoyoma: 72 kwa 71. Nao pia walifungwa fainali, na Connecticut. Hata hivyo, kwa kigezo changu, Butler anakaa mbele ya Suggs, ingawa alirusha kutoka karibu zaidi.