Mdunguaji wa chuo na namba NBA: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwezi Machi, mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani yanapopamba moto, hujitokeza mdunguaji, yaani kijana hodari wa kutupa kutoka mbali, wa chuo ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Anatumbukiza mitupo saba au minane ya pointi tatu katika mechi moja, na kabla hakujakucha video zake zimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa kikapu wa Dar es Salaam na Nairobi. Swali ni lile lile: huyu atapata namba NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani? Majibu yanayotolewa mara nyingi hayana msingi, na yananigusa kwa sababu wapo vijana wa huku wanaopanga mazoezi yao kwa kuyaamini.

"Aliyevunja rekodi ya pointi tatu hawezi kukosa timu"

Tuitazame rekodi yenyewe. Mwaka 2006 JJ Redick aliondoka chuo cha Duke akiwa amefunga mitupo 457 ya pointi tatu, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Orlando Magic wakamchagua wa 11 kwenye drafti, usiku ambao timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akacheza NBA misimu 15. Wengi huishia hapo na kusema umeona.

Lakini rekodi hiyo imevunjwa mara tatu tangu wakati huo. Mwaka 2014 Travis Bader wa chuo cha Oakland, kule Michigan, alimaliza na 504. Mwaka 2019 Fletcher Magee wa Wofford akafika 509. Mwaka 2023 Antoine Davis wa Detroit Mercy akaipandisha hadi 588, na jumla ya pointi zake ikawa 3,664, tatu tu pungufu ya rekodi ya vyuo ya Pete Maravich iliyosimama tangu 1970. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeitwa jina lake usiku wa drafti, wala aliyepata kucheza mechi rasmi ya NBA.

Kisa cha Magee kinaeleza mengi. Machi 2019, Wofford waliwatoa Seton Hall katika raundi ya kwanza. Magee alifunga mitupo saba ya pointi tatu, na usiku huo huo akaipita rekodi ya Bader. Siku mbili baadaye wakakutana na Kentucky. Magee akatupa mitupo 12 ya pointi tatu, na haukuingia hata mmoja. Wofford wakafungwa 62 kwa 56.

Siku mbaya humpata kila mtupaji, hilo halina ubishi. Lakini Kentucky nao walikuwa wamejipanga. Walimkabidhi Magee kwa Tyler Herro na wenzake, walinzi warefu na wepesi kuliko wale aliozoea kukutana nao katika ligi ya Southern, wakamwandama kila alipozunguka skrini, yaani mwenzake aliyesimama kumzibia mlinzi njia. Miezi mitatu baadaye Miami Heat wakamchagua Herro wa 13. Msimu ule Herro alikuwa amefunga asilimia 35.5 tu ya pointi tatu zake, ilhali Magee kwa miaka yake minne ya chuo alikuwa juu ya asilimia 43. Timu za NBA ziliziona takwimu zote mbili na zikamchukua mwenye asilimia ndogo. Mwaka 2025 huyo huyo Herro akashinda shindano la pointi tatu la NBA.

"Asilimia zake za chuoni ndizo zitakazokuwa asilimia zake NBA"

Kwanza, mstari wa pointi tatu si ule ule. Redick alifunga zile 457 kutoka mita 6.02. Bader na Magee walitupa kutoka mita 6.32. Tangu msimu wa 2019-20 mstari wa vyuo uko mita 6.75. Wa NBA ni mita 7.24, isipokuwa kwenye kona ambako ni mita 6.70. Nusu mita inaonekana ndogo ukiwa umekaa kwenye kochi, lakini kwa mchezaji aliyechoka katika robo ya nne, mguu ndio unaolipa tofauti hiyo, na mguu ukichoka mpira unagonga ukingo wa mbele wa ringi.

Pili, hesabu ya chuo ni ndogo. Tuseme mchezaji ametupa pointi tatu 150 katika msimu mzima. Tofauti kati ya asilimia 36, ambayo ni ya kawaida, na asilimia 41, ambayo inampa jina, ni mitupo saba au minane. Mipira saba iliyozunguka ringi ikaamua kuingia! Ndiyo maana wasaka vipaji hawaiamini asilimia ya msimu mmoja. Wanakwenda kutazama mitupo huru, kwa sababu pale hakuna mlinzi, umbali haubadiliki, na mkono unaonekana ulivyo. Herro, yule wa asilimia 35.5, alifunga asilimia 93.5 ya mitupo yake huru akiwa Kentucky. Hapo ndipo waliposoma kwamba mkono wake ni safi na pointi tatu zitakuja.

Tatu, kuna muda. Chuoni mtupaji hodari hupata nafasi ya kuushika mpira, kuuteremsha kidogo, kupanga miguu na kutupa. NBA mlinzi ana urefu wa mita mbili, mikono yake ni mirefu kuliko kimo chake, na anaiziba nafasi hiyo kabla mpira haujafika usawa wa kifua. Mtupaji anayeuanzia mpira kiunoni anazibwa. Anayeupokea tayari ukiwa juu, miguu ikiwa imeshageukia ringi, ndiye anayebaki.

"Mfungaji bora wa taifa ni nyota aliyehakikishwa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu drafti ya 2011 ni somo zima.

Jimmer Fredette wa chuo cha BYU aliongoza taifa kwa pointi 28.9 kwa mechi na akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Alikuwa anatupa kutoka karibu na katikati ya uwanja na mpira unaingia. Alichaguliwa wa 10, haki zake zikapelekwa Sacramento usiku ule ule. Aliyefuata, wa 11, alikuwa Klay Thompson wa Washington State, kijana ambaye jina lake halikuwa na kelele hata robo ya lile la Jimmer.

Watu husema Jimmer alishindwa kwa sababu shabaha ilimpotea alipofika ligi kubwa. Si kweli. Msimu wake wa pili alifunga zaidi ya asilimia 41 ya pointi tatu zake. Kilichomkwamisha ni kingine: BYU mpira ulikuwa mikononi mwake kila shambulizi, na NBA hakuna timu iliyokuwa tayari kumpa mpira kiasi hicho mtu wa mita 1.88 ambaye upande wa pili wa uwanja hakuweza kumzuia mwenzake. Ukimwondolea mpira mkononi, sehemu kubwa ya mchezo wake ilikuwa imeondoka.

Thompson alikuwa kinyume chake. Desemba 2016 aliwafunga Indiana Pacers pointi 60 katika dakika 29, na katika muda wote huo aliudundisha mpira mara 11 tu na kuushika kwa takriban sekunde 90. Alikuwa anakimbia, anapokea, anatupa. Na upande wa pili ndiye aliyekuwa anapewa kumlinda mchezaji hatari wa nje wa wapinzani. Timu inayoshindania ubingwa inahitaji mtupaji wa namna hiyo.

Hata Redick alipitia njia hii. Misimu yake miwili ya kwanza Orlando alikaa benchi zaidi ya alivyocheza, mfungaji bora wa historia ya Duke. Mkono wake ulikuwa ule ule. Alipata dakika baada ya kujenga mwili, kujifunza kulinda na kujifunza kukimbia bila mpira mpaka anayemlinda akate pumzi.

"Asipochaguliwa kwenye drafti, safari imekwisha"

Hesabu za nafasi ni kali kweli. Timu ni 30, kila moja na wachezaji 15 wa mkataba kamili, jumla 450, na wengine watatu kwa kila timu wa mkataba wa pande mbili, wanaogawa muda wao kati ya NBA na ligi ya maendeleo ya G League. Upande wa vyuo, daraja la kwanza pekee lina timu zaidi ya 360 na wachezaji zaidi ya 4,500. Drafti ina nafasi 60 au pungufu kidogo kwa mwaka, na baadhi huenda kwa vijana wa Ulaya na kwingineko.

Hata hivyo, kati ya wote wanaoachwa na drafti, watupaji ndio wanaorudi kupitia mlango wa nyuma kuliko karibu aina nyingine yoyote ya mchezaji. Duncan Robinson alianzia Williams, chuo kidogo cha daraja la tatu, akahamia Michigan, na msimu wake wa mwisho akawa mchezaji bora wa akiba wa ligi ya Big Ten. Hata kuanza hakuwa anaanza kila mechi! Mwaka 2018 hakuchaguliwa. Miami wakampa mkataba wa pande mbili, akapelekwa Sioux Falls kwenye G League. Msimu wa 2019-20 akafunga pointi tatu 270 kwa asilimia 44.6, na mwaka 2021 akasaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 90.

Max Strus naye alitoka daraja la pili, akapitia DePaul, hakuchaguliwa, na mwaka 2023 akapata mkataba mnono Cleveland. Kyle Korver alichaguliwa wa 51 mwaka 2003 na Nets, wakamuuza Philadelphia usiku ule ule, na sehemu ya fedha zile ikanunua mashine ya fotokopi ya ofisi. Alicheza misimu 17, na asilimia yake ya 53.6 ya msimu wa 2009-10 bado ni rekodi ya NBA.

Robinson ana mita 2.01 na Korver ana kimo hicho hicho. Kimo hicho kinamruhusu mtupaji kutupa juu ya mkono wa mlinzi, na kocha anaweza kumficha kwenye ulinzi. Davis wa zile 588 alikuwa na mita 1.85 na mwili mwembamba. Mwenye kimo hicho anatakiwa awe na kingine kikubwa sana mkononi.

"Curry amewafungulia mlango wafupi wote"

Wengi wetu tunaikumbuka drafti ya 2009 kwa sababu ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, aliyechaguliwa wa pili na Memphis akitokea Connecticut. Aliyeitwa wa saba usiku ule alikuwa Stephen Curry wa Davidson. Ligi ilikuwa bado inalipa urefu kwanza, na ni kweli Curry ameibadilisha.

Ila Curry hakuwa mdunguaji tu. Msimu wake wa mwisho chuoni alihamishiwa nafasi ya kuongoza mashambulizi, na bado akaongoza taifa kwa pointi 28.6 kwa mechi. Anapiga chenga, anapasia, anatupa akiwa mbioni kwa mguu wowote. Pia alikulia ndani ya ligi: baba yake, Dell, alicheza NBA misimu 16. Anayechukua kwake ule mtupo wa mbali peke yake amechukua sehemu ndogo.

"Siku hizi NBA ni pointi tatu tupu, kwa hiyo nafasi za watupaji zimeongezeka"

Msimu wa 1979-80, mstari ulipoanza, timu ilikuwa inatupa pointi tatu zisizofika tatu kwa mechi. Sasa ni zaidi ya 35. Hitimisho linaonekana wazi, lakini mwangalie Brook Lopez. Misimu yake minane ya kwanza alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu kwa jumla. Msimu wa 2018-19, akiwa Milwaukee, alifunga 187, na ana mita 2.13. Senta, yule mrefu wa kukaa chini ya ringi, akishaweza kutupa, anayejua kutupa peke yake hana tena kitu ambacho timu haina. Nafasi zimeongezeka kwa mtupaji anayelinda na kukimbia. Kwa yule wa kusimama na kusubiri pasi, zimepungua.

"Anayekosa NBA ameshindwa maisha"

Fredette alikwenda Shanghai, akafunga zaidi ya pointi 70 katika mechi moja ya ligi ya China, akapendwa kule kuliko alivyopendwa Sacramento, na mwaka 2024 alikuwa Paris na timu ya Marekani ya Olimpiki ya watatu kwa watatu. Ulaya, Uturuki, Australia na Japani zina ligi zinazolipa vizuri. Basketball Africa League, iliyoanza Kigali mwaka 2021, inaruhusu kila timu wageni wachache. Na kwa mdunguaji aliyemaliza chuo siku hizi kuna faida moja ambayo haitajwi mara nyingi: mstari wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, unaotumika katika ligi hizo, uko mita 6.75, pale pale alipokuwa anatupia chuoni.