Mota inayokimbia sana si lazima iwe na ufanisi

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tano wa ufundi alinijia karakanani, hapa Lubumbashi, na mota aliyoitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule yao. Akaunganisha betri mbili. "Papa, ona vile inakimbia!" Kweli, ilikimbia. Nikaiacha dakika mbili, kisha nikamwambia aguse bobini, ule waya uliosukwa ndani ya mota. Akarudisha kidole mbio.

Wanafunzi wengi wanaonijia huchanganya kasi na ufanisi. Ufanisi ni kazi iliyotoka ukiigawanya kwa umeme ulioingia. Mota isiyobeba kitu haijakuonyesha kazi yoyote, hata ikizunguka namna gani.

Basi tukafunga uzi kwenye ekseli, tukaning'iniza mfuko wa misumari wa gramu 200, tukapima muda wa kuuinua mita 1. Sekunde 4. Kazi: 0,2 × 9,8 × 1, karibu jule 2 (jule ni kipimo cha kazi na nishati). Umeme: volti 3 × ampea 0,8 × sekunde 4, jule 9,6. Asilimia 20. Binti akanyamaza, uso umemshuka. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa alikuwa na namba ya kushindana nayo.

Sehemu kubwa ya kilichopotea kiliishia kwenye ule waya uliomchoma. Joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: ampea zikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Naye alikuwa amesuka kwa waya mwembamba kama unywele. Kwa urefu uleule, waya wenye kipenyo mara mbili una robo tu ya ukinzani, yaani unavyouzuia umeme kupita. Tena shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 4 kwa kila digrii 10, kwa hiyo hasara inazaa hasara. Shaba ni ya kwetu. Mji huu ulianza kuiyeyusha mwaka 1911, na inaniuma mtoto wa hapa akiijua kama mzigo wa malori tu.

Kosa la pili halikuonekana kwa macho mpaka nilipoingiza kadi kati ya rota, ile sehemu inayozunguka, na sumaku. Zilipita kadi tisa. Pengo pana hudhoofisha nguvu ya sumaku, na mota hulazimika kuvuta ampea nyingi kwa mzigo uleule. Tukasogeza sumaku hadi zipite kadi tatu, tukasuka upya kwa waya mnene, tukakwangua vizuri kwenye ncha vernisi, ile rangi inayofunika waya, tukatia tone la mafuta kwenye beringi.

Misumari ileile, sekunde 4 zilezile, ampea 0,5. Karibu asilimia 33.

Akaniuliza mbona mota kubwa za viwandani hupita asilimia 90. Nikamfungulia moja iliyoungua, nikamwonyesha chuma chake: si pande moja, ni mabati membamba yaliyopangwa, kila moja limepakwa kihami kisichopitisha umeme, ili mikondo isizunguke ndani ya chuma na kukichemsha. Rota ya kwake ni boliti nzima. Aliondoka na mabati kumi na mawili kwenye mfuko wa misumari.