Tat: protini ndogo inayowasha VVU

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kama kipimo kinasema virusi havionekani, kwa nini mtu asiache dawa? Nimesomea namna jeni zinavyonakiliwa, na jibu naliona kwenye protini ndogo ya virusi iitwayo Tat.

Kirusi kikishaingia kwenye seli ya CD4, aina ya seli ya kinga ya mwili, huchomeka DNA yake ndani ya DNA ya mtu. Kuanzia hapo hutegemea mashine ya seli yenyewe, polimerasi ya pili, kunakili jeni zake. Mashine hiyo huanza vizuri, lakini baada ya kunakili herufi chache za jeni hukwama, kwa sababu kuna protini za seli zinazoikamata isisonge. Kinachotoka ni vipande vifupi vya RNA, yaani nakala ya jeni, visivyounda chochote.

Ila hebu kiangalie kipande kimoja kwa karibu. Herufi zake 59 za mwanzo hujipinda zenyewe, kama kamba iliyosokotwa kupita kiasi, na ubavuni huacha kinundu cha herufi tatu. Sehemu hiyo tunaiita TAR. Tat hunasa pale pale kwenye kinundu, tena huja imewashika mkono wenyeji wawili wa seli, protini ziitwazo saiklini T1 na CDK9. CDK9 hubandika fosfeti, alama ndogo ya kikemikali, kwenye mkia wa polimerasi na kwenye wale waliokuwa wanaizuia. Breki zinaachia, mashine inakwenda mpaka mwisho, herufi zaidi ya 9,000. Miongoni mwa nakala hizo zimo za kutengenezea Tat nyingine. Tat inazaa Tat.

Mwaka 1998 maabara ya Katherine Jones, Taasisi ya Salk, Marekani, ilionyesha kwamba mshirika ambaye Tat humshika ni saiklini T1. Panya naye anayo, ila amino asidi (tofali la kujengea protini) ya 261, ambayo kwa binadamu ni sisteini, kwake ni tirosini. Badiliko hilo moja tu, na Tat karibu haifanyi kazi kwenye seli za panya! Kila nikilifundisha hili hunisisimua upya.

Sasa turudi kwenye dawa. Seli ya CD4 ikipumzika, saiklini T1 hupungua na CDK9 hufanya kazi kidogo, Tat hukosa wa kushirikiana naye, na kirusi hunyamaza. ARV tunazotumia huzuia hatua nyingine, si kunakiliwa huku, kwa hiyo seli iliyonyamaza hazina cha kuifanya. Mtu akiacha dawa, seli moja ikaamka, Tat chache zikapatikana, mzunguko huanza tena. Kwa wengi ni suala la wiki chache.

Wapo watafiti wanaotaka kuziamsha seli hizo ili ziuawe. Mimi naelemea upande wa wanaotaka kuifunga Tat kabisa. Kemikali iitwayo didehidro-kotistatini A huishika Tat isifike TAR, na kwenye panya waliopandikizwa seli za binadamu ilichelewesha virusi kurudi baada ya ARV kusitishwa. Kwa binadamu bado hatujafika, kwa hiyo ninayemjibu swali lile humwambia: endelea kumeza dawa yako kila siku.