Bunduki Haitulizwi kwa Misuli

Juma lililopita mwanafunzi mpya wa kulenga shabaha alinieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba kila asubuhi huinua ndoo za mchanga ili mikono yake iweze kuikaza bunduki isitikisike. Huyo ni wa tano mwaka huu hapa Iringa, na wote watano walikuja na bega lililovimba na alama zilezile za chini.

Misuli iliyokazwa hutetemeka, kisha huchoka, ilhali shindano la bunduki ya upepo la mita 10 linadai risasi 60 ndani ya saa 1 na dakika 15, kwa silaha inayoruhusiwa kufikia kilo 5.5. Uzito huo hubebwa na mifupa: kiwiko cha mkono wa mbele hutua kwenye nyonga, mgongo huegemea nyuma kidogo, na mzigo wote hushuka hadi nyayoni. Ukishasimama hivyo, fumba macho, pumua mara mbili au tatu, kisha fumbua. Ukikuta vilengeo, yaani vifaa vya kulengea vilivyo juu ya bunduki, vimehamia kulia au kushoto, usivirudishe kwa mkono. Sogeza mguu wa nyuma kidogo, kisha urudie jaribio hilo hadi mwili wenyewe uelekee kwenye shabaha. Anayevirudisha kwa mkono amekopa, na misuli hulidai deni hilo palepale anapofyatua, kwa kuwa hulegea na bunduki ikarudi ilikotaka kuelekea tangu mwanzo.

Ndani ya dhana hiyo imejificha nyingine, kwamba bingwa huona vilengeo vimesimama tuli. La hasha. Duara la kumi, yaani la katikati lenye pointi kumi, katika mita 10 lina kipenyo cha nusu milimita tu, na mbele yake vilengeo vya kila binadamu huelea. Kinachoharibu ni kuvizia, yaani kusubiri vipite katikati na kukivuta kifyatuo kwa pupa. Kidole kibonyeze polepole wakati kuelea huko kumepungua, na ikiwa sekunde 8 hadi 10 zimepita bila risasi kutoka, shusha bunduki uanze upya. Vijana wengi huona aibu kuishusha mbele ya wenzao, na aibu hiyo imewagharimu pointi nyingi kuliko upepo.

Kuhusu ushauri wa kujaza mapafu na kubana pumzi kabla ya kufyatua: toa pumzi kwanza, usimame katika kituo chake cha kawaida, kwani ukibana muda mrefu jicho huanza kuona ukungu. Kufumba jicho lisilolenga nako hukaza uso mzima. Kanuni zinaruhusu kulikinga kwa kipande cha upana usiozidi milimita 30.

Wapo wanaodai kwamba bila risasi nyingi hakuna maendeleo. Mimi huagiza dakika 20 kila jioni za kufyatua bila risasi mbele ya ukuta mtupu, baada ya kuhakikisha kwa macho kwamba chumba cha risasi hakina kitu.

Wakikosa shabaha, wenzetu wa Mbeya husingizia hewa nyepesi ya mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika umbali wa mita 10 athari yake haionekani. Nje, katika mita 50, upepo wa ubavuni wa kawaida unatosha kuitoa risasi ndogo nje ya duara la kumi lenye milimita 10.4, na kwa hilo kuna vibendera kando ya uwanja, ambavyo wengi wao hawavitazami.